Barua ya wazi kwa waandishi wa World of Warcraft: nasi tupeni zamu ya kujibu

Tanga, Tanzania

Kwa waandishi wa hadithi ya World of Warcraft,
Blizzard Entertainment,
Irvine, California.

YAH: UPENDELEO KATIKA KUSIMULIA

Ndugu waandishi,

Salaam kutoka Tanga. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha tunayobishania gemu lenu huku kwetu. Mkitaka kunisoma hamtakosa wa kuwasomea. Msipotaka, wachezaji wenzangu wa Dar, Mombasa na Unguja watakuwa wamenisoma, na wao pia ni wateja wenu. Sidai kurudishiwa pesa. Wala sitishii kuacha kucheza, maana waliotishia hivyo tunawaona wakirudi kimya kimya kila toleo jipya likitoka. Nina lalamiko moja, nalo linahusu namna mnavyosimulia.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuligusa gemu hili, nieleze kidogo. World of Warcraft ilitoka Novemba 23, 2004. Ni ulimwengu wa kubuni uitwao Azeroth, watu kutoka kila pembe wanaingia kwa pamoja kupitia intaneti, na siku ile unapomtengeneza mhusika wako unachagua upande. Alliance ndiko waliko binadamu, dwarf, gnome na night elf. Horde wana orc, troll, tauren na Forsaken, yaani wafu waliofufuka na akili zao timamu. Mwaka 2007 wakaongezwa draenei kwetu na blood elf kwao. Mwaka 2010 worgen kwetu na goblin kwao. Ukishachagua umechagua. Miji ni mbalimbali, misheni mbalimbali, na kwa miaka mingi hata kusemezana mlitukataza: mtu wa Horde akiandika "lol" kwa kucheka, wa Alliance anaona "kek", wa Alliance akicheka, wa Horde anaona "bur". Huku tulikuwa tunakaa kwenye kompyuta mbili zinazogusana, mmoja Horde mwingine Alliance. Ndani ya gemu tunarushiana "kek" na "bur", nje ya gemu tunasutana kwa Kiswahili kilichonyooka.

Mimi ni Alliance, worgen wa Gilneas, mtu anayegeuka mbwamwitu. Binamu yangu ni Forsaken, na pembeni ana blood elf mchawi anayempenda kuliko anavyokubali. Tunacheza kwenye seva za Ulaya, tukivumilia kuchelewa kwa mtandao kunakomfanya adui akupige kabla hujamwona akinyanyua mkono. Malipo ni euro 12.99 kwa mwezi. Ukiongeza na bando, hizo ni hela ambazo mtu mzima wa Tanga anazieleza nyumbani kwa tahadhari sana. Nasema haya ili mjue kwamba hatuko huku kwa kupita njia.

Sasa lalamiko lenyewe. Minong'ono mnaijua. Watu wa Alliance wanasema waandishi wote moyoni ni Horde, ndiyo maana upande wetu kazi yake ni kupigwa. Watu wa Horde wanasema si kweli, nyinyi mnawachukia wao, ndiyo maana kila wakipata kiongozi mwenye nguvu mnamgeuza nduli halafu mnawatuma wao wenyewe wakamwondoe. Kila upande una orodha yake, na kwa sababu ya binamu nimezisikia zote mbili mpaka nimezikariri. Nimefikia kuamini kwamba zote ni za kweli, na ugonjwa ni mmoja. Horde mmewapa matendo yote. Alliance mmetupa matanga yote. Kwa hiyo wao wanaonekana waovu, na sisi tunaonekana hatupo.

Tazameni mlichoandika wenyewe. Katika Cataclysm, toleo la Desemba 2010, Southshore, kijiji cha Alliance, ilimwagiwa sumu na Forsaken ikaisha. Wachezaji wa zamani wanaijua Southshore kwa vita visivyoisha kati yake na Tarren Mill ya Horde, vita ambavyo hakuna aliyewatuma, watu walikwenda wenyewe kwa raha zao. Gilneas nayo ikavamiwa na Forsaken hao hao. Misheni za kuanzia za worgen ni nzuri, na nadhani ni kati ya kazi bora mlizopata kuandika: mji wa mawe na mvua, mfalme Genn Greymane anayeficha kwamba naye ameng'atwa, mwanawe Liam anayejitupa mbele ya mshale wa Sylvanas, kiongozi wa Forsaken, uliokuwa wa baba yake. Kijana anafia mikononi mwa mzee. Mchezaji amekaa pale, damu inamchemka, anasubiri aambiwe waende wapi wakalipe.

Akaambiwa apande meli. Night elf walitubeba wakatupeleka Darnassus, mji wao ulio juu ya mti mkubwa wa Teldrassil, tukapewa pa kujihifadhi. Gilneas ikabaki pale pale, milango wazi, barabara tupu, haina mtu wa kwetu wala wa kwao. Nilikuwa naingia mara moja moja kuzunguka tu. Hakuna wa kupigana naye.

Mtasema Alliance nao walichoma Camp Taurajo, kambi ya tauren kule Barrens. Walichoma. Lakini soma ilivyosimuliwa: jenerali wetu, Hawthorne, aliacha makusudi mwanya kati ya askari wake ili raia wapate pa kukimbilia. Na baadaye mchezaji wa Horde anatumwa akamuue huyo huyo Hawthorne, na anamuua. Hapo pana mambo mawili. Sisi tukitenda mnatuandikia udhuru. Wao wakitendwa mnawapa upanga na anwani ya mtu. Binamu yangu alimmaliza Hawthorne akainuka kwenye kiti kwenda kunawa mikono, basi. Deni limelipwa, moyo umetulia, anaendelea na mengine. Mimi nilikuwa nimelibeba la Liam, na sikupewa anwani ya mtu.

Mwaka 2012 ikaja Theramore, mji wa bandari wa Jaina Proudmoore, mchawi wetu wa Alliance. Garrosh Hellscream, mkuu wa Horde, aliuangushia bomu la mana ukabaki shimo. Mliandaa misheni mbili, moja kwa kila upande. Ya Horde ni ya kupenya: unaingia kabla ya bomu, unaharibu meli na mitambo, unamtoa mtu wa Horde gerezani, unatoka. Ya Alliance inaanza bomu likiwa limeshaanguka. Unafika, unapigana na waliobaki kuokoteza, unamkuta Jaina kwenye shimo, nywele zimemgeuka nyeupe. Kama kuna mtu anataka kujua upendeleo ninaousema unafananaje, azicheze misheni hizo mbili siku moja, moja baada ya nyingine. Hakuna aliyepunguziwa silaha wala aliyeongezewa damu. Tofauti ni kwamba mmoja kaitwa kwenye tukio, mwingine kaitwa kwenye msiba.

Na hasira ya Jaina? Aliitaka Orgrimmar, mji mkuu wa Horde, aizamishe kwa wimbi la bahari. Hilo mliliandika kitabuni, nje ya gemu, na huko huko kitabuni akazuiwa.

Kuna jambo la kwetu nataka mlielewe. Tanga hii ilikuwa na vilabu vya taarabu vilivyoshindana, Black Star na Lucky Star, na pwani nzima ina kawaida ya vilabu viwili kurushiana madongo kwa nyimbo. Ukitupiwa dongo, nawe unakwenda kutunga. Watu wanalisubiri jibu kuliko walivyolisubiri dongo lenyewe, na mshairi anayejua kazi yake analitunga dongo lake huku akijua litajibiwa, ndiyo maana analipima. Hatujawahi kuona ushindani ambapo klabu moja inaimba usiku kucha na ya pili inaombwa ikae mbele, ivae vizuri, ilie. Hata klabu inayoimba ingechoka. Na ndivyo ilivyo, Horde wamechoka. Binamu amechoka.

Nitawaambia lini alichoka. Ilikuwa kabla tu ya toleo la Battle for Azeroth kutoka Agosti 14, 2018, mlipoleta ile vita ya kuelekea Teldrassil. Tulikuwa chumbani kwake Chumbageni, feni moja, kompyuta mbili. Yeye anapita Ashenvale na jeshi la Horde, anaingia Darkshore, anaua walinzi wa night elf mmoja mmoja, na anafurahia kweli, kwa sababu mpango wa Saurfang, jemadari wake, ulikuwa wa akili: kuuteka mti, kuushikilia, kuigawa Alliance bila kuiangamiza. Alikuwa ananicheka. Kisha Sylvanas, ambaye sasa ndiye mkuu wa Horde, akatoa amri ya kuuchoma. Binamu akaacha kugusa kipanya.

"Kaka," akasema, "mimi sikutumwa kuchoma. Mimi nilitumwa kuteka."

Upande wangu wa meza nilikuwa nimetumwa ndani ya Darnassus yenyewe inayoungua. Juu ya skrini pana hesabu ya raia wa kuokoa, inakaribia 1,000, na dakika zenyewe ni chache. Unakimbia kwenye moshi, unamgusa huyu, unamgusa yule, hesabu inapanda taratibu kama mzigo wa mkonge unavyopandishwa, na unajua kabisa haiwezekani. Hiyo ilikuwa kazi ya makusudi. Mlitaka tushindwe, na kwa kweli ilifanya kazi, niliumia. Mti uliotuhifadhi sisi wa Gilneas nao umekwenda. Sina ugomvi na tukio hilo. Mwandishi ana haki ya kuchoma anachotaka kuchoma. Ugomvi wangu ni wa yaliyofuata.

Tulikwenda Lordaeron kulipiza. Jeshi lote la Alliance, mfalme wetu Anduin mbele, tukiuzingira Undercity, mji wa Forsaken. Hatimaye, nikasema. Tukafika kwenye kiti cha enzi, na Sylvanas akaumwagia sumu mji wake mwenyewe, akaondoka. Hata jibu letu alijijibu yeye. Tulichoteka ni handaki lisilokalika. Binamu akapoteza mji wake mkuu, mimi nikapoteza mti wangu, na wote wawili tumepoteza kwa uamuzi wa mhusika mmoja ambaye hatukumwongoza, hatukumzuia, wala hatukumshauri. Tangu hapo hatukugombana tena kuhusu nani mnampenda zaidi kati ya Horde na Alliance. Mlikuwa mnampenda Sylvanas.

Mtanikumbusha Dazar'alor, Januari 2019, tulipovamia mji wa Zandalari, troll waliokuwa upande wa Horde, tukamuua mfalme wao Rastakhan. Sawa, hapo tulitenda. Nilifurahi, na binamu alininunia. Ila mzee yule hakuchoma mti wa mtu. Tulikwenda kudai deni tukampiga jirani wa mdaiwa, na binti wa marehemu, Talanji, naye mkamwacha na uchungu wake bila pa kuupeleka. Kwa hiyo sasa deni ni mawili.

Kisha ikaja siku ya kumaliza vita, Septemba 2019, mbele ya lango la Orgrimmar. Saurfang anamwita Sylvanas wapigane wawili. Anapigana, anakufa, lakini kabla hajafa amemtoa Sylvanas maneno ya kweli: kwamba Horde si kitu. Filamu ile fupi ni kazi safi, sina la kusema. Lakini hebu muulize mtu wa Alliance jeshi letu lilikuwa linafanya nini wakati ule. Lilikuwa limesimama linatazama. Wakosewa wakuu wa vita nzima, waliochomewa mti na watoto ndani yake, walikuwa watazamaji wa kesi ya ndani ya nyumba ya mtu mwingine. Mchango wetu ulikuwa kuazimisha silaha: Anduin alimpa Saurfang upanga wa baba yake. Binamu alicheka siku ile kwa mara ya kwanza baada ya muda. Akasema, "Angalau mmetoa kitu."

Na wachezaji wa Horde waliokuwa wamechagua kubaki waaminifu kwa Sylvanas, maana mliwapa uchaguzi huo, nao wakaambiwa kwa neno moja kwamba walikuwa wajinga. Sijui kwa nini mtu ampe mwenzake uchaguzi kisha amcheke kwa alichochagua. Hao hawaandikiwi barua na watu wa Alliance mara nyingi, basi nimewaandikia.

Hukumu ya Sylvanas ilikuja mwaka 2022, mwishoni mwa hadithi ya toleo la Shadowlands. Hapa mnaweza kunishika: si Tyrande, kiongozi wa night elf, ndiye aliyehukumu? Ndiye. Alimpeleka Maw, yaani jehanamu ya gemu, akazitoe roho zote zilizokwama, moja moja. Kama hukumu, naiona ni ya busara. Lakini pimeni nafasi. Mshitakiwa alipewa toleo zima la utetezi: tukaelezwa kwamba roho yake ilikuwa nusu tangu mwanamfalme mwovu Arthas alipomuua, nusu ya pili ikarudishwa, akajiona, akajuta, akalia. Hakimu alipewa dakika. Na waliochomwa, ambao kesi ni yao, waliambiwa kwamba hata Elune, mungu wanayemwabudu, aliacha mambo yatendeke kwa hesabu zake na dada yake. Nani aliwauliza night elf wanaonaje habari hiyo? Mimi nisingekubali kuisikia mara moja na kuendelea na swala.

Nije kwetu Gilneas. Ilirudi Januari 2024, pamoja na Bel'ameth, makazi mapya ya night elf chini ya mti mpya wa Amirdrassil. Zaidi ya miaka kumi na mitatu tangu tupande meli. Nilichukua ruhusa kazini kwa sababu nyingine, msiulize. Nikaingia. Tukaukomboa mji kutoka kwa Scarlet Crusade, kundi la binadamu wenye siasa kali.

Scarlet Crusade! Watu ambao hawakutuvamia. Forsaken, waliotuvamia, walikuja kutusaidia kuwatoa. Misheni zenyewe ni chache, unamaliza chai haijapoa. Naelewa mlichokuwa mnajaribu: upatanisho, watoto wa waliopigana wasimame pamoja. Sipingi upatanisho. Lakini hakuna hata mtu mmoja wa Forsaken aliyesimama kwenye barabara ile ya mawe akasema tulifanya hivi na hivi, na hakuna mtu mmoja wa Gilneas aliyepewa nafasi ya kusema sikusamehe. Mmepatanisha watu ambao hawajazungumza.

Labda mnashangaa kwa nini mtu wa Tanga anayachukulia haya kwa uzito. Ni kwamba mji wetu una vita yake. Novemba 1914 jeshi la Waingereza lililotoka India, watu wapatao 8,000, lilishuka huku Ras Kazone, likapigwa na kikosi kidogo cha Wajerumani na askari Waafrika waliokuwa wapatao 1,000. Nyuki walichafuka wakaingia vitani, ndiyo maana wengine wanaiita vita vya nyuki. Simulizi za vita ile mtazikuta kwa wingi. Utamjua jemadari wa Kijerumani aliyeshinda, von Lettow-Vorbeck, utamjua jenerali wa Kiingereza aliyeshindwa, Aitken, utawajua hata nyuki. Wenye nyumba zilizopigwa mizinga utawatafuta sana. Mji ni wetu, mitaa ni yetu, na katika hadithi sisi ni mandhari. Hakuna aliyekaa mezani akapanga kutudharau. Aliyesimulia alikuwa anamtazama yule aliyemvutia, basi. Kwa hiyo mnaposema hamna upendeleo nawaamini, na bado nasema upo.

Niwe mwadilifu: mnaweza. Mliwahi kufanya. Mwaka 2016, mwanzo wa toleo la Legion, kule Broken Shore, mlisimulia tukio moja kwa macho mawili. Sisi Alliance tulisikia baragumu la Horde likipulizwa, tukawaona wakiondoka, na mfalme wetu Varian akafa. Tukawaita wasaliti. Horde waliona kingine: wanazidiwa, mkuu wao Vol'jin amechomwa mkuki, anatoa amri warudi nyuma wasife wote. Mimi na binamu tulibishana wiki nzima, kila mtu ana ushahidi wake aliouona kwa macho, na tulipobadilishana viti tukaonyeshana, tulinyamaza wote wawili. Huo ndio usimulizi. Ulimpa kila mtu haki ya kuamini anachoamini na sababu ya kumsikiliza mwenzake. Halafu mkaliacha lile kosa la kuelewana lipoe bila kulitumia, lakini hayo yamepita.

Najua hoja ya upande wenu. Gemu haliwezi kuwa vita ya milele, wachezaji wamepungua wa kugawanywa nusu kwa nusu, marafiki wanataka kucheza pamoja. Tangu Mei 2022 mmeruhusu watu wa pande mbili waingie kundi moja, na mwaka uliofuata hata chama kimoja. Mimi na binamu tunafaidi; tunapiga mabosi pamoja sasa, yeye anaponya vibaya, mimi nalaumiwa. Siombi turudi kuchinjana. Naomba kitu kidogo zaidi ya vita na kigumu zaidi kukiandika. Upande ukipigwa, jibu litoke mkononi mwa upande huo huo, ndani ya gemu, na mchezaji awepo. Jibu si lazima liwe moto. Linaweza kuwa kukataa kupeana mkono. Linaweza kuwa shauri lenye mashahidi, au hata matusi mazuri. Lisiandikwe kitabuni, lisifanywe na mhusika wa upande wa pili kwa niaba yetu, na lisizimwe na adui mpya anayeshuka kutoka angani kila hasira inapokaribia kuiva. N'Zoth na Jailer, maadui wakuu wa matoleo mawili, walifanya kazi hiyo, na sasa tunajua mapema.

Nimalizie na jambo la Horde, ili msiseme natetea nyumba yangu tu. Toleo la Midnight linatupeleka Quel'Thalas, nchi ya blood elf, na Silvermoon, mji wao mkuu, unafunguliwa kwa Alliance pia. Nitapita lango lile nikiwa na manyoya yangu na nitakaribishwa. Lakini mwaka 2012, baada ya Theramore, Jaina aliwafukuza Sunreavers, kundi la blood elf, kutoka Dalaran, mji wa wachawi. Wengine walifungwa, wengine waliuawa mitaani, na wachezaji wa Alliance tulishiriki, mimi mmojawapo. Binamu, kwa yule blood elf wake, alitumwa na Rommath, mkuu wa wachawi wa blood elf, kwenda kuwatoa walionusurika. Kati ya waliokimbia siku ile na Jaina, sijaona mahali mlipowakalisha pamoja likazungumzwa hadi mwisho. Sasa mnatutaka tuingie sebuleni kwao.

Wapeni Sunreavers wale nafasi ya kusema, ndani ya mji wao, mbele yetu. Mpeni binamu yangu misheni hiyo, na mpeni uchaguzi wa kweli wa nini amwambie mgeni aliyesimama mlangoni. Akinifungia lango sitalalamika seva nzima; nitakaa nje nisubiri, na nitakuwa na kitu cha kujibu.

Wenu,

Mchezaji wa Alliance,
Chumbageni, Tanga